Isale Halizibi Mfongo

Juzi pale stendi ya Moshi bwana mmoja mwenye kofia ya pama alinishika mkono akaniuliza, "Wewe si ndiye Kastori wa gazetini? Sasa kihamba ulipewa au hukupewa?" Nikamwambia anunue gazeti kama wenzake. Akasema yeye huwa analisomea kwa jirani. Watu wa namna hiyo wananichosha.

Kwa ajili yake, na kwa wote wanaosomea kwa majirani, narudia kwa ufupi.

Wiki iliyopita mliniacha nimefukuzwa kwenye gereji ya Kulwant Singh mjini. Nilichukua Peugeot ya mteja bila kumwambia mtu, nikaenda nayo dansini Mkuu, Rombo, ikarudi Moshi ikivutwa na trekta. Nikapanda Marangu kwa baba yangu, Mzee Ndelilio, nikiwa na jani la isale, ule mmea wa mipakani, mkononi.

Kwetu ukimkosea mtu unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, watu watamshangaa yeye, wewe watakuacha. Tangu nilipokuwa nachunga mbuzi mila hii nimeitumia kama mtu anavyotumia mwavuli.

Baba alilipokea jani. Kisha akatamka neno ambalo sikulitegemea. Alisema Jumapili baada ya misa wazee wa ukoo wangekuja nyumbani kunikabidhi kihamba chake: migomba, kahawa, nyumba, kila kitu. Mimi ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye anayebaki na makao ya baba.

"Mradi usinitie aibu kabla ya Jumapili," alisema.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mtu mwenye akili zake anaweza kukaa bila kutia aibu toka Jumatatu mpaka Jumapili. Mimi sikuivuka Jumatano.

Jumatano ilikuwa zamu yetu ya maji. Ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano na Kilimo cha Kufa na Kupona, kiangazi kikali, na mfongo wetu, yaani ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji toka mtoni juu mpaka vihambani, ulikuwa umekonda. Ukikosa zamu yako, ndiyo basi tena mpaka izunguke. Kahawa yetu ilikuwa imeshamenywa, iko ndani ya pipa imevundikwa, inangoja kuoshwa siku ile ile. Ikipitiliza inachacha, na kahawa iliyochacha hata ukiianika ikakauka bado inanuka.

"Kastori," mama aliniambia asubuhi, "panda ukafungue maji. Ukishafungua, teremka nayo. Usiyaache njiani."

"Mama, mimi si mtoto."

"Watoto huwa nawatuma bila wasiwasi."

Nikachukua jembe. Nilipofika langoni akaniita tena, akanionyesha kwa kidole isale letu, lile alilopanda babu.

"Na leo usimkosee mtu," akasema. "Umelichuma mpaka limebaki fimbo."

Ni kweli, lilikuwa limebaki shina jembamba na kishungi cha majani machache juu. Majani mengine yote nilikuwa nimeyamaliza mimi. Nilicheka. Mama hakucheka.

Kufungua maji si kazi. Unatoa magome ya migomba na matope yaliyozibia, maji yanaingia, basi. Kazi ni kuteremka nayo. Unatembea kando ya mfongo, unaondoa takataka, unatazama ukingo, hasa pale juu ya kwa Mama Digna, ambapo udongo ni laini na kila mtu anajua kwamba ni laini.

Sikuwa nimeteremka hata robo ya njia nilipokutana na Kalisti. Kalisti ni mpagazi. Alikuwa ameshuka mlimani na Wazungu wake, mfuko una bahashishi na koo limekauka.

"Aisee Kastori! Twende kilabuni, pale Mtoni. Kuna mbege imeiva leo, usiniambie huna nafasi."

"Nina maji."

"Maji ni mbuzi? Yanataka kuchungwa? Hayo yanajua njia tangu enzi za babu yako."

Nikaona ni hoja. Huo ndio ugonjwa wangu, msomaji. Hoja mbovu ikinijia asubuhi, jua bado jepesi, naiona imenyooka kuliko Injili.

"Kata moja tu," nikasema.

"Kata moja tu," akakubali Kalisti, na sote wawili tulijua ni uongo.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, Kalisti anasimulia jinsi Mzungu mmoja alivyolia kileleni, mara akaingia mwanamume anahema.

"Nani ana zamu leo? Mfongo umepasuka kwa Mama Digna!"

Benchi zima lilitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa bado na matope ya mfongo.

"Aisee, maji nayo," alisema Kalisti, akachukua kata yangu akaimalizia.

Nilikimbia. Nilipofika kwa Mama Digna nilitamani ningekuwa sijafika. Mama huyu ni mjane, binti yake yuko shuleni, anaishi peke yake. Maji yalikuwa yametoboa ukingo palepale penye udongo laini, yakashuka moja kwa moja jikoni kwake. Ukuta mmoja wa jiko ulikuwa umelala chini. Vichanja alivyoanikia kahawa vilikuwa vimeanguka, na kahawa yake, nyeupe, safi, iliyokaribia kukauka, ilikuwa inaelekea korongoni pamoja na tope. Majirani walikuwa wameshayageuza maji, wamesimama na majembe yao, wananitazama.

Na kwetu chini halikuwa limefika hata tone. Mama alikuwa ameshachukua ndoo kwenda mtoni.

Nikafanya kile ninachokijua. Nilitupa macho huku na huku, nikaona masale yamestawi vizuri kando ya njia. Nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikapiga magoti.

"Mama Digna, shikamoo. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Hakuitikia shikamoo. Alilitazama jani, kisha akayatazama masale.

"Hili umelichuma wapi?"

"Hapo... njiani."

"Hapo ni mpakani kwangu. Hilo isale alilipanda marehemu mume wangu. Yaani wewe unanivunjia jiko, unanimwagia kahawa, halafu unakuja kuniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe?"

Watu walicheka. Hata mtoto mgongoni kwa mama yake alicheka, ingawa yeye nadhani alicheka kwa kuwa wengine wamecheka.

Mama Digna alilipokea jani. Angefanyaje? Mila ni mila.

"Nimepokea. Nimekusamehe," alisema. "Sasa njoo huku."

Nikamfuata mpaka pale ukingo ulipopasuka. Maji kidogo yalikuwa bado yanachuruzika. Aliinama, akalichomeka lile jani katikati ya tope kama mtu anayepanda mche, akasimama kando na mikono kiunoni.

"Haya. Tuone kama litayazuia."

Maji yalilipinda, yakaling'oa, yakaenda nalo. Tulilitazama sote likiteremka hadi likapotelea kwenye migomba.

"Umeona?" akaniuliza. Nikasema nimeona.

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama nyuma ya watu. Sijui alifika saa ngapi. Amejiegemeza kwenye fimbo yake, kifua kinampanda na kushuka.

"Baba..."

"Nimeona," alisema.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aligeuka akaondoka, na hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya kwenda kwa baba mkubwa, kaka yake, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Nilidhani anakwenda kulalamika tu. Nilidhani vibaya.

Alhamisi alfajiri nilichukua jembe na panga nikaenda pale ukingo ulipobomoka. Msiniulize ni nini kilichonituma. Nilikuwa na hasira na Kalisti, na maji, na udongo laini, na watu waliocheka, na zaidi nilikuwa na hasira na lile jani lilivyokwenda kwa wepesi. Miaka yote nilikuwa naamini lina uzito.

Kalisti alipita katikati ya asubuhi, amevaa koti la Mzungu.

"Wewe, umepatwa na nini? Wiki ijayo kuna msaragambo, watu wote watakuja kutengeneza. Kwa nini ujiue peke yako?"

"Na mpaka wiki ijayo Mama Digna atapikia wapi?"

"Hilo nalo ni swali la kuniuliza mimi?"

"Nani aliniambia maji si mbuzi?"

"Mimi nilisema. Aliyeyaacha ni nani?"

Nilitamani kumpiga na jembe, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Akaenda zake akipiga mluzi. Tangu siku hiyo sijanywa naye, na yeye hajaniuliza kwa nini.

Nilipanga mawe, nikajaza udongo, nikakandika matope, nikaweka magome ya migomba. Nilipoona ukingo umesimama nikafungua maji kidogo kuyajaribu. Ukingo ulistahimili kwa muda wa Baba Yetu na Salamu Maria, kisha ukabomoka wote, mawe yakabingirika hadi uani kwa Mama Digna, kuku wakatawanyika.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kichagga, nikalitupa jembe korongoni. Kisha ikanibidi nishuke korongoni kulitafuta, maana jembe lilikuwa la baba.

Mama Digna alikuwa anapikia nje, chini ya majani ya mgomba aliyoyasimika kama hema. Alinitazama nikitambaa kwenye vichaka kutafuta jembe.

Nikarudi juu, nikachungulia pale palipobomoka. Nilikuwa nimepanga mawe juu ya nyasi mbichi na tope la jana, utelezi mtupu. Nikamsikia Kulwant Singh kama vile yuko nyuma yangu na spana yake: "Wewe Kastori! Kwanza safisha, halafu funga!" Kila siku ya Mungu alikuwa akinipigia kelele hiyo, nami nilikuwa nafunga bila kusafisha, kwa kuwa nina haraka ya kwenda mahali. Sasa sikuwa na mahali pa kwenda.

Nikafukua yote. Nikachimba mpaka nikafikia udongo mkavu, mgumu. Nikaanza upya, jiwe moja baada ya jingine, nikishindilia kwa miguu. Jioni nilifungua maji. Yakapita. Nikakaa pale nikiyatazama yanavyopita mpaka giza likaanza kuingia, na yakaendelea kupita.

Ijumaa nilihamia kwenye jiko. Nikakata fito, nikafunga, nikakanyaga udongo. Mchana Mama Digna aliniwekea bakuli la kiburu, ndizi na maharage aliyoyaponda mwenyewe, akaliweka juu ya jiwe bila kunikaribisha, akaondoka. Nilikula chote. Chakula cha mtu aliyekukasirikia ni kitamu ajabu, sijui kwa nini.

Nyumbani mama alikuwa ameiosha kahawa kwa maji ya ndoo. Nusu ilipona, nusu ilinuka. Sikumpelekea baba isale. Si kwa kiburi. Niliona haya kuligusa. Baba naye alinipita uani kama anayetaka kusema jambo, kisha hasemi. Nikajipa moyo. Nikajiambia mzee ameona kazi yangu, anaisubiri Jumapili ili aseme mbele ya wazee wote. Usiku nililala nikipanga ni migomba ipi nitaing'oa na ni kahawa ipi nitaipogoa. Mjinga haishi kupanga.

Jumamosi nilikuwa nasiriba ukuta wa jiko, mwisho mwisho, niliposikia gari linapanda kwa taabu. Lilikuwa gari la kukodi toka mjini, na aliyekaa mbele alikuwa kaka yangu Wenseslaus.

Wenseslaus ni wa katikati. Kaka yetu mkubwa alishapewa kihamba chake zamani, kitinda mimba atapata cha baba, na wa katikati anapata baraka za Mungu. Ndivyo tulivyo. Wenseslaus hajawahi kulalamika. Ni fundi seremala, amepanga chumba Majengo, mkewe na watoto wanalala humo humo na mbao. Nikajua amekuja kwa ajili ya kikao cha kesho, nikafurahi, nikampungia mkono wenye matope.

Gari likasimama. Ndipo nikaona kilichokuwa nyuma. Magodoro. Sufuria. Watoto. Na benchi lake la kurandia, limefungwa kamba.

Mtu haendi kwenye kikao cha siku moja na benchi la kurandia.

"Kaka, shikamoo. Hilo benchi ni la nini?"

Aliitikia, akashuka, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta.

"Baba hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akamwambia dereva atangulie na watoto. Akavua shati, akalitundika kwenye mgomba, akachota udongo kwa mikono miwili akaanza kusiriba upande wa pili.

"Wenseslaus, kuniambia nini?"

"Ngoja nikusaidie hapa," alisema. "Hapa umeacha tundu."

Tukasiriba. Sikuuliza tena, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapita mbele yangu kwenye gari, na sufuria zake.

Baba alikuja kwa njia ya mfongo. Alitembea polepole, akasimama pale palipokuwa pamebomoka, akabonyeza ukingo kwa fimbo, mara moja, mara ya pili. Kisha akateremka. Wenseslaus alipomwona alichukua shati lake akasogea kando.

Mkono mmoja wa baba ulikuwa na fimbo. Wa pili ulikuwa na isale. Halikuwa jani moja. Alikuwa amekata kile kishungi cha mwisho cha langoni petu, chote, na jani la katikati amelifunga fundo.

Nikadhani amekuja kumwomba radhi Mama Digna kwa niaba yangu. Naye Mama Digna alidhani hivyo, maana alifuta mikono akasogea.

"Mzee Ndelilio, hakuna haja," alisema. "Mimi na huyu kijana tumekwisha. Jiko si unaliona?"

"Naliona, mama. Sikuja kwako."

Akanigeukia mimi.

"Kastori, nimekukosea."

Sijawahi kuona mzazi akimletea mwanawe isale. Sijawahi hata kusikia.

"Kila uliponiletea jani nilipokea," alisema. "Nilipokea kwa kuwa ni mila, na kwa kuwa kupokea ni rahisi kuliko kukufundisha. Nikakulea hivyo. Kosa hilo ni langu."

"Baba, ukingo umeuona?"

"Nimeupitia sasa hivi. Ni mzuri."

"Na ukuta huu?"

"Mzuri."

"Basi?"

Alivuta pumzi. Kifua chake kililia.

"Jumatano nilikwenda kwa kaka yangu. Nikamwambia kihamba apewe Wenseslaus. Wazee wamekubali."

"Jumatano! Leo si Jumamosi, baba? Hukuona kuanzia Alhamisi niko wapi?"

"Nimeona."

"Basi rudi ukawaambie! Waambie umeona!"

"Neno si jembe, Kastori, ulitupe korongoni kisha ushuke kuliokota. Huyu ameshahama chumba chake cha mjini. Wanawe wameshashuka kwenye gari."

Nilimtazama Wenseslaus. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa anatabasamu, ili niweze kumchukia vizuri. Alikuwa analia, shati liko mkononi.

Nilikasirika, msomaji, sitaficha. Miaka yote nilipokuwa mtu wa ovyo kihamba kilikuwa changu, kinaningoja. Nimekuwa mtu kwa siku tatu, kimeondoka. Nilitaka kuubomoa ule ukuta kwa mateke, na ukingo, na maji yaende yanakotaka.

Baba alinyoosha mkono wenye isale.

"Naomba unisamehe," alisema.

Isale hupokewa kwa mikono miwili. Ukishalipokea, neno limekwisha. Huwezi kesho kusimama mbele ya wazee ukadai. Huwezi kununa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote Marangu, kwa kuwa hakuna aliyewapa watu wengi jani hili kama mimi. Na kulikataa haiwezekani. Wote pale walijua haiwezekani.

"Mikono yangu ina tope, baba," nikasema. "Ngoja ninawe."

Nikapanda mpaka kwenye mfongo, nikachuchumaa pale kwenye ukingo wangu. Maji yalikuwa yanapita vizuri. Baba alikuwa bado amenyoosha mkono, na mkono wa mzee haukai juu kwa muda mrefu. Niliona yale majani yameanza kutetemeka.

Nikanawa mkono wa kulia. Nikanawa wa kushoto. Kisha nikaanza tena na wa kulia.